Sauti ya Nne

Alhamisi, saa tatu kasoro. Mvua ya Machi
imewazuia watalii wawili waliotaka kushuka bondeni.
Nimewapa meza ya dirishani, chini ya kalenda ya duka la matairi,
nikawaambia: kaeni, leo huenda wakaimba.
Huenda, nilisema. Sikuapa.
Tangu Februari hawajafungua kinywa.

Kaingia Bachisio na koti lake la mahameli,
buti zingali na tope la zizini.
Nyuma yake Zizzu, ametoka kufunga duka la dawa,
bado ananukia spiriti.
Mwisho Predu, dereva wa basi la shule, mdogo wao.
Hapa Sardinia, huku kwetu milimani,
wazee husema kila sauti ina mwenyewe:
ya Predu iliibwa kwa upepo,
ya Zizzu kwa kondoo,
ya chini kabisa kwa ng'ombe,
na ya Bachisio ni ya mtu,
maana lazima apatikane mmoja wa kusema maneno.

Ng'ombe wetu alikuwa Gonario.
Tulimzika siku ya theluji, jeneza likateleza mara mbili,
na mjane wake akacheka kabla hajalia.

Nimemimina divai glasi tatu.
Mkono, kwa mazoea, ukamimina ya nne.
Hakuna aliyesema kitu. Predu akaisogeza katikati ya meza.

Miaka kumi na tisa Gonario alinigombeza
kwa ajili ya jokofu la aiskrimu pale mlangoni.
"Antioca! Zima hilo dude, linatuharibia!"
Nami nachomoa waya. Wanaimba, nasahau,
asubuhi nauza supu ya vanila.
Deni lake la majira saba ya joto
ninalo kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu.

Wakasimama duara, bega kwa bega, migongo kwetu,
watu wanaokinga njiti ya kiberiti upepo usiizime.
Ndivyo waimbavyo. Hawamwimbii mtu.
Pengo waliliacha,
upana wake wa mtu mnene aliyevaa koti.

Nikainama kuchomoa waya.
"Liache," kasema Bachisio, bila kugeuka.

Akaziba sikio moja kwa kiganja, akaanza:
mtu anamtafuta farasi wake mlimani, ukungu umeshuka,
anamwita kwa majina ya watoto wake.
Zizzu akaingia kwa koo, Predu kwa juu,
na chini, kwenye lile shimo, jokofu:
mmmm, nene, haivuti pumzi,
wala si mahali pake.

Basi nikawasikia wanashuka.
Kidogo. Kidogo tena.
Watu watatu kwenye ngazi gizani, wanapapasa kwa nyayo,
mpaka wakalikanyaga.

Mimi muziki siujui. Najua kahawa, najua madeni,
najua nani asiketishwe karibu na nani.
Ila glasi rafuni zilianza kuongea,
na mzee Bobore, ambaye na Bachisio hawasalimiani
tangu kesi ya ua wa malisho,
alivua kofia akaiweka gotini.
Yule mtalii wa kike alishusha simu yake taratibu,
asijue aiweke wapi.

Halafu, tk.
Jokofu likajizima, kama majokofu yanavyofanya.

Wale watatu wakabaki juu ya hewa tupu.
Walishikilia pumzi moja, labda mbili.
Bachisio akashusha kiganja sikioni:
"Lo! Hata huyu anatutoroka katikati kwenda kuvuta sigara."

Predu alicheka mpaka akakaa sakafuni.
Zizzu alitoka nje kwenye mvua
na hatukumwita.

Saa saba nimefunga. Glasi ya nne sijaimwaga,
nimeifunika na kisahani.
Jokofu limeanza tena, peke yake, gizani, sauti ileile.
Wanasema dawa ya deni kulipa.
Nimefungua daftari, nimetafuta jina,
nimeandika pembeni kwa kalamu ya kawaida:
Alhamisi. Amepunguza kidogo.